Mkate wa Barazani

Mama mkubwa Naomi hakungoja nimalize shikamoo. "Tabitha, njoo Lushoto," alisema kwenye simu. "Baba yako mkubwa amekatazwa ngano. Daktari ameuliza kama kuna mtu wa damu yake aliyewahi kuugua hivi, nikakutaja wewe. Mimi hata sijui nimpikie nini." Nilikuwa jikoni kwangu Tanga, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika kitambaa cha vyombo, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Nilicheka mpaka mume wangu akatoka sebuleni kuja kuona kuna nini. Nikamwambia kwamba baba mkubwa Yakobo, mwokaji ambaye maisha yake yote ameuza mkate na kuusifu na kuapa kwa mkate, amekatazwa mkate. Mume wangu anakijua kisa chote, hakucheka. Aliuliza tu kama nitakwenda. Nikasema nitakwenda, na sikwenda kwa sababu ya huruma. Nilitaka kumwona.

Nilimkuta mama mkubwa amejipanga. Mkate, chapati, maandazi, skonzi na tambi alikuwa amekwisha kuviondoa, akadhani kazi imekwisha. Wote huanzia hapo, kwenye vile vinavyoonekana. Nikavuta kigoda, nikaanza kushusha vitu kwenye rafu kimoja kimoja. Unga wa lishe aliokuwa akimkorogea uji kila asubuhi ulikuwa na mahindi, soya, karanga, na ngano imo. Nikauweka pembeni. Vile vipande vya kukolezea mchuzi, ngano imo. Sosi ya soya, jina ni la soya lakini imechachushwa kwa ngano. Soseji zimefungwa kwa unga. Bizari ya pilau ya kupimiwa sokoni sikuiamini, maana muuzaji akitaka iongezeke uzito huichanganya na unga na hakuna atakayemuuliza. Pakiti moja ilisema "wanga" bila kusema wanga wa nini. Nikamwambia pakiti isiyosema ukweli haina nafasi jikoni kwa mgonjwa. Mwisho nikashika kopo la kinywaji cha kimea. "Hicho kiache, anakipenda sana, ndicho kinachompa nguvu," alisema. Nikamwambia kimea ni shayiri, na shayiri na ngano ni ndugu, kwa hiyo ndicho kinachommaliza. Akakaa chini. "Sasa atakula nini, mwanangu?" Nikamwambia atakula bada, ule ugali wa muhogo, makande, viazi, magimbi, wali, maharage, mboga, samaki akipatikana, chakula cha watu wa milima hii kabla baba mkubwa hajaja na tanuri lake. Nilisema kwa sauti ya upole. Ndani nilikuwa na hasira iliyokaa miaka mingi na bado mbichi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na baba mkubwa, kaka yake baba yangu, akanichukua kutoka Mlalo nikae kwake nimsaidie dukani. Nyumba ilikuwa ndefu na nyembamba. Mbele duka, na baraza inayotazama barabara ya kwenda sokoni, nyuma tanuri, katikati chumba changu, kitanda kimoja kikisukumana na magunia ya unga. Unga ulikuwa kila mahali. Ulikuwa kwenye kope zangu, kwenye shuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye kurasa za kitabu changu cha nyimbo. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, kukaa karibu na tanuri kulikuwa raha tupu, na boflo la kwanza likitoka lilikuwa langu. Nililichana kwa mikono, nikalipaka siagi, nikalila na chai mbele ya tanuri. Sitasema uongo kwa kuwa nimekasirika: mkate wa baba mkubwa ulikuwa mtamu. Nilikula asubuhi, nikala mchana, na jioni mama mkubwa akitupikia ugali nilikula na ugali pia. Baada ya miezi michache tumbo likaanza kujaa na kunguruma, kisha kuharisha, kisha vidonda mdomoni, kisha nguo zikaanza kunipwaya. Mama mkubwa aliponiona nimekonda, alifanya ambalo mwanamke yeyote mwema angefanya. Aliniongezea mkate.

Ukuta kati ya chumba changu na duka ulikuwa wa mbao, na mbao hazifichi neno. Ndipo nilipojifunza watu wanasema nini juu ya msichana anayekonda na kuharisha. "Huyu kakanyaga waya," alisema mmoja akingoja chenji yake. "Na alivyo mdogo!" alijibu mwingine, na wakasikitika kwa sauti ya watu wanaofurahia habari. Miaka ile ugonjwa mwingine haukuwapo; ukikonda, basi umekonda kwa jambo lile moja. Baba mkubwa mwenyewe akanipeleka hospitali, na kwa hilo nampa haki yake. Nikapimwa damu, ukimwi sikuwa nao. Daktari akanituma hospitali kubwa ya mbali, wakaniingiza mpira tumboni, wakatoa kipande kidogo cha utumbo, na tuliporudi kwake majibu yalikuwa yameshafika. Alitueleza taratibu, mimi na baba mkubwa tumekaa bega kwa bega kwenye benchi. Alisema ndani ya ngano kuna kitu kinachoitwa gluteni, ndicho kinachoufanya unga uvutike, na mwili wangu ukikiona unaugeukia utumbo wangu wenyewe na kuuchuna. Dawa hakuna. Dawa ni kuacha ngano na shayiri maisha yote, na hakuna kusema kidogo tu, kwa sababu hata chembe inatosha. Baba mkubwa aliinamisha kichwa, akakubali, akamshukuru daktari. Tulipofika karibu na duka akanigeukia. "Haya mambo yabaki nyumbani," akasema. Nikamwitikia ndiyo, nikidhani ananisitiri mimi.

Niliacha mkate, nikapata nafuu, kisha nikaugua tena bila kugusa hata skonzi moja. Mama mkubwa akasema unaona, si ngano. Nikarudi kwa daktari, naye akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: unga wetu wa ugali unasagwa wapi? Ulisagwa kwenye mashine ya mtaani, na kwenye mashine ile ile wakulima wachache waliokuwa bado wanalima ngano walisaga ngano yao. Anayefuata kwenye foleni hupokea mabaki ya aliyemtangulia, na hakuna anayelalamika, maana ni unga tu. Tangu hapo nilitwanga muhogo wangu mwenyewe kwenye kinu nyuma ya nyumba, nikapika sufuria yangu pembeni, nikafunika na kuweka jiwe juu. Hata kanisani, kwenye Meza ya Bwana, niliipita hosti, maana nayo ni mkate wa ngano, nikapokea kikombe peke yake. Mwili ukarudi, mashavu yakarudi. Lakini kwa watu wa kwetu kukataa chakula cha mtu si jambo la tumbo. Ukikataa chakula cha mtu umemwambia mbele ya watu kwamba unajua alichokitia. Nami nilikuwa nakataa chakula cha nyumba iliyolisha mji mzima.

Aliyeliona kwanza ni Mama Zaina, aliyekuwa na mgahawa wa chai karibu na soko na kununua mikate mingi kuliko mtu yeyote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara. Siku moja alinikuta barazani nakula kiazi cha kuchemsha, nyuma yangu mikate ya moto imepangwa mpaka juu, akakitazama kiazi, akaitazama mikate. "Mzee Yakobo," alisema, "mtoto wako haligusi boflo lako siku hizi, eti kwa nini?" Baba mkubwa akacheka, akasema watoto wa siku hizi wana maringo. "Maringo ya kula kiazi?" akauliza Mama Zaina. "Mimi nina wateja. Kama mtoto wa nyumba haugusi mkate wa nyumba, kuna analolijua." Wiki ile akanunua nusu ya kawaida, na wiki iliyofuata wengine wakamfuata. Mikate ikalala. Baba mkubwa alikaa kwenye kiti chake akiitazama, na mimi nikipita alinitazama hivyo hivyo.

Asubuhi moja alitoa kigoda barazani, akaweka meza ndogo, kikombe cha chai, na kipande kinene cha boflo kilichopakwa siagi. "Kaa hapa," alisema. "Kula, wakuone." Nikamwambia, "Baba mkubwa, si tulikuwa wote kwa daktari?" Akasema kwa Kishambaa, lugha aliyoitumia alipotaka neno liume, kwamba daktari hanilishi. Kisha akashika ufagio akajifanya anafagia mlangoni. Watu walipita kwenda sokoni wakanisalimu, nikaitikia huku natafuna. Nililia siku ya kwanza, akaniambia nifute uso, mkate unaoliza hauuziki. Siku zilizofuata nilijaribu ujanja. Nilificha tonge kwenye shavu nikakimbilia chooni kutema, akagundua, na tangu hapo kila nilipomaliza aliinama karibu na kunong'ona, "Fungua mdomo." Akachungulia kama mtu anayekagua meno ya punda anayetaka kumnunua. Mama Zaina alipopita akaniona nameza, akaridhika, akaagiza mikate yake yote. Siku moja alinikuta nyuma ya duka natapika. Alinishika mgongo, akaniletea maji ya kusukutua, akasema pole mwanangu, na kesho yake akanunua mkate kama kawaida.

Mama mkubwa alinitetea, sitamdhulumu. Nilimsikia kupitia zile mbao. "Baba Danieli, mtoto anakwisha," alisema. "Anakwisha wapi, si anakula kuliko mimi?" alijibu. "Lakini daktari alisema..." "Daktari ananunua mkate kwangu? Wateja wakiondoka, Danieli atasomeshwa na nini? Wewe utakula nini? Huyo mwenyewe atakula nini?" Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. "Basi mkatie kipande kidogo," alisema mama mkubwa, na baba mkubwa akakubali, na kuanzia asubuhi iliyofuata kipande kikawa nusu. Ndivyo nilivyotetewa. Mpaka leo, nikisikia mtu anasifiwa kwa wema, huwa nataka kujua alipunguza nini na aliacha nini. Nusu ile ilinichuna vile vile. Nywele zilianza kutoka nikichana, magoti yakawa makubwa kuliko mapaja, na kule dukani wale wa waya wakarudi kwenye mazungumzo yao.

Kisha ikaja Jumapili ya mavuno. Kwa sisi Walutheri siku ile kila mtu huleta kanisani alichojaliwa, na baada ya ibada vitu hunadiwa nje, uwanjani. Palikuwa na kabichi, kuku waliofungwa miguu, mikungu ya ndizi, majani ya chai kutoka Mponde, ndoo za plamu. Baba mkubwa, mzee wa kanisa, alikuwa ameoka mkate mmoja mkubwa kama mtoto mchanga, ameusuka kama ukili, unang'aa. Mnadishaji, kijana mcheshi, aliunyanyua juu kwa mikono miwili na kuuliza nani ataanza. Kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Kwanza binti wa nyumba auonje, tusije tukanunua ugonjwa!" Watu wakacheka. Baba mkubwa akacheka nao, akavunja kipande mwenyewe, akaniita. "Tabitha, njoo uonje mavuno ya Bwana." Mama mkubwa alikuwa kando yangu, akanisukuma kidogo mgongoni. "Kula, mama, utatapikia nyumbani." Nikaenda. Nikakitazama kile kipande mkononi mwake, nikatazama watu walionifahamu na niliokuwa nikiimba nao kanisani, nikasema kwa sauti waliyoisikia wote, "Siwezi, baba mkubwa. Daktari amenikataza ngano."

Hakunipiga. Nimetamani mara nyingi angenipiga. Alishusha mkono, akanitazama kwa huzuni ambayo nadhani aliitengeneza hapo hapo, akawageukia watu. "Jamani, ngano ilianza lini kumdhuru mtu? Ngano imo mpaka kwenye Biblia." Wakacheka tena, kwa woga. Kisha akapunguza sauti, lakini si sana. "Mtoto anaumwa. Kinachomuumiza mnakijua, mna macho. Mimi nimemsitiri nyumbani kwangu kama Mkristo, nimemlisha, nimemvumilia. Msinilazimishe kusema zaidi ya hapo." Alikuwa amekaa nami kwenye benchi lile. Alisikia kwa masikio yake daktari akisema sina. Nikaona mduara ukipanuka kunizunguka, watu wakirudi nyuma bila kutaka waonekane wanarudi. Mama mmoja, ambaye mtoto wake nilikuwa nimemshika mkono wakati wa ibada, alichukua pembe ya kanga akaanza kuufuta ule mkono wa mtoto, kidole kwa kidole. Halafu mtu akataja bei ya mkate. Mwingine akapandisha. Wakaupandisha mpaka wakashangiliana, kwa heshima ya mwanamume mwenye moyo mkubwa kiasi kile.

Nilirudi Mlalo kwa mama yangu, na maneno yalikuwa yamefika kabla yangu. Kule nilitengewa kikombe, na walionitengea walinipenda. Wanawake waliokuwa wameanza kuniulizia kwa ajili ya vijana wao wakaacha kuuliza. Nilinenepa, nikapona kabisa, na hata hiyo haikunisaidia. Walisema nimepata mganga. Nikiwafikiria wale waliokuwa na ugonjwa ule kweli miaka ile, ambao mguso wao ulifutwa na vikombe vyao vikatengwa, wakafa hivyo, nakosa haki ya kujionea huruma sana. Lakini hasira haiombi ruhusa. Nilishuka Tanga, nikapata kazi, nikaolewa na mtu wa pwani asiyejua mtu Lushoto. Baba mkubwa alinitumia salamu za harusi na keki.

Sasa nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba chake. Amebaki mifupa. Danieli, mwanawe, ndiye anayeliendesha duka, na amelikuza. Mikate inapelekwa mpaka Mlola na Bumbuli. Kabla sijaingia kwa mzee alinivuta kando kwa heshima zote. "Dada, huko nje tusitaje ngano. Tunasema mzee ana vidonda vya tumbo. Unaijua biashara." Nikamwambia naijua. Lakini vidonda vya tumbo hakuna aliyeviamini. Nilipokuwa nikichota maji nilisikia majirani wawili upande wa pili wa ua, sauti zile zile, vinywa vipya. "Uzee wote ule, kumbe alikuwa anatembea nje." "Mzee wa kanisa!" Wakasikitika. Na chumba cha baba mkubwa kina dirisha linalotazama uani, kwa hiyo nisichohitaji kumwambia kilikuwa kimeshamfikia.

Nilimkorogea uji wa muhogo, nikakaa kitandani nikamlisha. Mkono wake hauwezi tena kushika kijiko. Alikula kidogo kidogo, macho yake hayatoki usoni pangu. "Tabi," alisema, "unasikia wanavyosema?" Nikamwambia nimesikia. "Wanasema nina ule ugonjwa. Mimi. Nitazikwa na jina hilo." Machozi yakamtoka, akashindwa kuyafuta, nikamfuta mimi. "Daktari amesema ni ngano. Danieli hataki kusema. Mama yako mkubwa anamwogopa. Waambie wewe, mwanangu. Wewe ngano inakudhuru pia, wewe watakuamini. Waambie ni ngano tu." Nilingoja. Nilidhani kuna neno lingine litakalofuata, na nikalipa muda wa kutosha, nikakoroga uji, nikaupuliza. Halikuja. Sijui ningefanya nini kama lingekuja.

"Sitawaambia," nilisema.

"Kwa nini, mama?"

"Mkate unauzika, baba mkubwa."

Kisha, kwa kuwa alikuwa na njaa, akafungua mdomo, nikamwekea kijiko kingine.